Nilimtaja Filomena Ili Mtoto Azaliwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta huko mbele, maana humu yumo mama mkwe, yumo shangazi, yumo nesi, na msomaji mwenye haraka anaweza kumbebesha mzigo asiyehusika. Hapana. Mjinga ni mimi Beda, fundi pancha wa Mikumi.

Kwa mliokosa gazeti la wiki iliyopita: mke wangu Loveth alirudi kwao Kilosa kujifungua, kwa sababu kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi yake. Tarehe aliyopewa kliniki ikafika, ikapita, tumbo likabaki pale pale kama lori lililozima mlimani. Nikafunga kijiwe changu, nikapanda basi, nikafika Kilosa nimebeba ushauri wa madereva wote niliowahi kuwazibia matairi. Nikaazima pikipiki, nikampakia mwenye mimba, nikampitisha kwenye makorongo ili mtoto ashtuke.

Hakushtuka mtoto. Alishtuka mama mkwe. Alitoka mbio na kanga aliyoogea, akachomoa ufunguo, akaingia nao ndani bila kunitazama.

Hapo ndipo tulipoachia.

Mama mkwe wangu anaitwa Hildegarda, na kwa kawaida ananiita "baba", kwa heshima zote za mkwe. Baada ya pikipiki, jina langu likawa "huyu". Nilikaa kibarazani nikasikia kutoka jikoni, "Mwambieni huyu chai iko tayari." Nikanywa chai ya huyu. Ilikuwa na sukari kidogo kuliko ya baba.

Kulala nilikuwa nalala kwa jirani, Mudi, kwa sababu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe wake. Mudi ni mtu mwema, akanionea huruma, akanipa tende. Akasema mke wake kila mimba ilipokomaa alikuwa anakula tende asubuhi na jioni, na watoto wote walitoka bila kubembelezwa. Nikampelekea Loveth tende. Akala mpaka akasema hata jasho lake limekuwa tamu.

Hatukuishia kwenye tende. Akala nanasi mpaka ulimi ukawaka. Akala mchuzi wa pilipili uliomliza machozi. Mama yake akampa kitambaa, naye Loveth akapiga magoti akasugua sakafu ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Na jua likipungua makali tulikuwa tunatembea, mimi na yeye, mpaka stesheni na kurudi, yeye mbele akiwa ameshika kiuno, mimi nyuma na mwavuli na chupa ya maji.

Nikawa namtania. Namuuliza treni yake inaingia saa ngapi, abiria tumechoka. Anacheka, halafu anasimama ghafla, anashika tumbo, mimi moyo unanilipuka, halafu ananiambia ni kwikwi ya mtoto tu.

Mtaa mzima ulijua. Ikafika mahali watu hawamwulizi tena habari za asubuhi. Wanamtazama tumboni, wanasema, "Bado?"

Tukarudi kliniki, mimi, yeye na mama mkwe. Nesi akampima, akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema kila kitu kiko sawa. Akatuambia tusiwe na presha. Kutembea atembee, asijichoshe. Tende ale. Nanasi ale kama analipenda, tumbo likimsumbua asimlaumu mtu. Pikipiki marufuku. Aliposema pikipiki alinitazama mimi, nikajua habari zangu zimenitangulia.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kazini, kwamba hata baba akiwa karibu na mama si vibaya, njia iliyomleta mtoto mara nyingine husaidia kumtoa.

Mbele ya mama mkwe wangu.

Mama Hildegarda aligeukia ukutani akaanza kusoma bango la chandarua kana kwamba kesho ana mtihani. Mimi nikatazama viatu. Loveth akafunika uso kwa mtandio, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Jambo lile halikuzungumzwa tena na mtu yeyote, na usiku huo nililala kwa Mudi kama kawaida.

Lakini nesi hakuwa amemaliza. Akaacha utani, akasema neno lililobaki ni la kushika. Dawa za mizizi za kuvuta uchungu, hapana. Zipo zinazofinya kizazi kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuipima, kizazi kinaweza kupasuka, mtoto anaweza kuchoka akiwa ndani. Akasema siku chache zikipita bila dalili turudi, wataalamu wenyewe wataanzisha uchungu kwa njia wanayoijua, wakiwa wamemsimamia. Na akatukumbusha kwamba ile tarehe ilikuwa ya kukadiria, maana Loveth mwenyewe alipoanza kliniki hakuwa na uhakika mwezi gani aliziona siku zake za mwisho.

Maneno hayo niliyasikia mimi. Mama Hildegarda aliyasikia. Loveth aliyasikia.

Shangazi ndiye hakuwepo.

Shangazi Agnesi alishuka kesho yake kutoka Msowero, na kuku mmoja mkononi na kifurushi kwapani. Ni dada wa marehemu baba mkwe. Ndiye aliyemfunda Loveth alipovunja ungo, ndiye aliyenihoji nilipokuja kuposa, na katika ukoo ule akishasema yeye, wengine wanaitikia. Nikampa shikamoo nimekunja goti. Marahaba yake ilipita juu ya kichwa changu ikaenda kwa kuku.

Aliingia chumbani na Loveth, akampapasa tumbo. Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika.

Akasema mtoto hakuchelewa. Amezuiwa. Katika ukoo wao mtoto anayegoma kutoka anakuwa amekuta kitu kati ya baba na mama, mmoja wao ametoka nje ya ndoa na hajasema. Anayehusika akilitaja jina, njia inafunguka. Akasema hata mama yake mdogo alikaa hivyo hivyo, mpaka mumewe alipopiga magoti.

Akaanza na Loveth, nyuma ya pazia. Nilisikia sauti ya shangazi chini chini, na sauti ya mke wangu ikisema hapana, hapana, hapana. Alitoka anapangusa macho.

Zamu ikawa yangu.

Nikafanya ninachofanya kila ninapoogopa. Nikatania. Nikasema mimi kazi yangu ni kukumbatia matairi kutwa nzima, na kama ni kutaja nitataja tairi la nyuma la semitrela moja ya Tunduma, tulikuwa na mambo yetu.

Hakucheka mtu. Hata Loveth, ambaye hucheka nikiwa sijaanza.

Shangazi akafungua kile kifurushi. Ilikuwa mizizi. Akaichemsha pale pale jikoni, akaimimina kwenye kikombe cha bati, ikawa na rangi ya maji ya kutu. Akakiweka mezani mbele ya mke wangu, akanigeukia.

"Haya, mkwe. Ama useme, ama anywe. Mtoto wa kaka yangu hatakaa na maiti tumboni kwa sababu ya aibu yako."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amesikia maneno ya nesi kwa masikio yake. Akainama, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kanga. Shangazi ni wifi yake mkubwa, na tangu mumewe afariki hajawahi kumbishia.

Loveth alikuwa amekaa mkekani, miguu imevimba, midomo imekauka. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Beda, kama kuna kitu, sema tu. Sitakasirika. Nataka atoke."

Kilichonichoma si kikombe. Ni kwamba mke wangu alidhani kitu kipo.

Hakikuwepo. Mnanijua, ndugu wasomaji. Nimewasimulia humu jinsi nilivyouziwa mbuzi wa wizi, nilivyopigwa na kompresa yangu mwenyewe, nilivyoingia harusi isiyo yangu nikala mpaka nikaombwa kutoa hotuba. Sijawahi kuwaficha uzembe wangu. Lakini hilo la kutoka nje, sikulifanya.

Ningeweza kusema hivyo nikasimama. Ningeweza kumshika Loveth mkono tukaondoka. Ningeweza kumwambia mama mkwe, mama, nesi alisemaje, akalazimika kujibu. Lakini hayo yote yalihitaji mwanaume wa kugombana na shangazi wa mkewe ndani ya nyumba ya wakwe. Mimi nikaona njia ya mkato.

Nikasema, "Yupo."

Shangazi akasema, "Jina."

Nikasema Rehema. Lilinijia tu, limetoka hewani.

Rehema wa nani? Nikasema wa Mikumi. Mikumi ya wapi, anafanya nini, kwao ni wapi? Nikaanza kubabaika. Shangazi akashika simu. Akanikumbusha kwamba Doto, binti wa dada yake, anauza mitumba palepale Mikumi na anamjua kila anayevaa nguo. Tumpigie tumwulize huyo Rehema?

Nikaona uongo wangu unaanguka na kikombe kinasogea. Nikahitaji mwanamke wa kweli, na nikamhitaji upesi.

Sasa, ya pikipiki ni ujinga. Ya nanasi ni ujinga. Haya yanayofuata si ujinga, na ndiyo yanayonifanya niandike huku nimeinamisha kichwa hata kama hamnioni.

Nilianza kuwachagua wanawake wa Mikumi kichwani kama mtu anayechagua tairi kuukuu. Huyu, mumewe ana panga. Huyu, kaka yake ni mgambo. Huyu, baba yake tunasali naye kanisa moja. Nikawapita mmoja mmoja nikimtafuta asiye na mtu wa kupanda basi kuja kuniuliza.

Nikampata.

Nikasema, "Filomena. Mama lishe wa pale wanapoegesha malori."

Filomena ni mjane. Anapika wali na maharage jirani na kijiwe changu. Mumewe alimwachia watoto wawili na nyumba ya vyumba viwili. Siku kompresa iliponipasukia, yeye ndiye aliyevua kitambaa cha kichwani akanifunga mkono, akaenda kichwa wazi mpaka jioni. Mimi namwita dada. Hajawahi kunitazama kwa jicho lolote isipokuwa la kuniambia ninawe kwanza.

Loveth aliinamisha kichwa. Nilingoja anitukane, angalau alie. Akasema, "Asante."

Asante hiyo bado naisikia.

Shangazi akachukua kikombe, akatoka nje, akamwaga dawa yote kwenye shina la mpapai. Na mimi, nawaapia, nikajisikia mshindi. Kikombe kimeondoka, mke wangu amepona, hakuna aliyegombana. Nikajiambia kesho tukienda kutembea nitamweleza Loveth polepole, tutacheka mpaka mtoto aanguke mwenyewe.

Jua halijazama, chupa ikapasuka.

Loveth alikuwa amesimama mlangoni anaongea na mke wa Mudi. Maji yakamwagika mpaka kizingitini, na nyuma ya maji ukaja uchungu wa kweli, ule wa kumfanya mtu ashike fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mama Hildegarda akapiga vigelegele. Shangazi hakupiga. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu, akakiacha hewani, akawatazama wote waliokuwepo.

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Uongo wangu ulikuwa umepata ushahidi.

Tukaita bajaji ya kutupeleka kliniki. Alfajiri mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Nilipoitwa ndani, nesi alikuwa anamfuta. Akaniita nisogee nione kitu. Mtoto alikuwa amepakwa utando mweupe, mzito, kwenye mikunjo ya shingo na makwapani. Akasema mtoto aliyepitiliza siku huja na ngozi kavu inayobambuka. Huyu wetu amekuja na mafuta yake mwilini, maana yake hakuchelewa hata kidogo. Tarehe ndiyo iliyokosewa. Amekuja siku yake.

Nikasimama pale na kofia mkononi. Tende hakuzisikia. Pikipiki hakuisikia. Filomena hakumsikia. Mtoto alikuwa amelala zake, anangoja siku yake ifike, na sisi huku nje tunauana.

Nikainama sikioni kwa Loveth, nikamwambia nilidanganya. Nikamwambia hakuna kitu kati yangu na Filomena, hakijawahi kuwepo, niliogopa kikombe.

Alikuwa anamtazama mtoto. Akasema, "Ulipomtaja, uchungu ukaja. Sasa ukimkana nikuamini kwa lipi?"

Nikamweleza habari za mafuta. Akafumba macho. Sikujua kama amelala au amenichoka.

Wakati huo sikujua bado kwamba shangazi, kabla bajaji haijafika, alikuwa amerekodi sauti akaituma kwenye grupu la ukoo. Kwanza vigelegele vya wifi yake. Halafu maelezo ya jinsi njia ilivyofunguka. Halafu jina, na kazi, na mahali anapopikia.

Doto aliisikiliza Mikumi, katikati ya mitumba yake, simu ikiwa na spika wazi na wateja wamemzunguka.

Kesho yake simu yangu ikaanza kuita. Filomena. Sikupokea. Ikaita tena. Nikaigeuza kifudifudi kitandani kwa Mudi, nikaenda kumnunulia mtoto kofia. Iliita siku hiyo, ikaita iliyofuata, kisha ikanyamaza, na mimi kwa akili zangu nikadhani yamepoa.

Ijumaa nilikuwa uani kwa mama mkwe naanika nepi. Nilishajiteua kuwa fundi wa nepi, nikiamini kila nepi nyeupe inanipunguzia dhambi. Nikasikia hodi. Nikageuka.

Alikuwa Filomena, amevaa gauni lake la kanisani. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa, akapiga goti, shikamoo mama, shikamoo shangazi. Marahaba zilichelewa lakini zilikuja. Akajitaja jina. Kisha akafungua mfuko, akatoa sabuni ya mtoto na kanga mpya, akaviweka mkekani kwa mikono miwili. Mtu haendi kwenye uzazi mikono mitupu, alisema. Hata kama hajaalikwa.

Mama Hildegarda hakujua afanye nini na uso wake. Akamletea kigoda.

Filomena akaeleza kwa utulivu, kama anayetaja bei ya chakula. Wateja wanamcheka, hilo anaweza kulibeba. Wanawake wa mtaani wanawazuia waume zao wasile kwake, hata hilo litapita, wanaume wakishikwa na njaa hurudi. Lililomleta ni shemeji yake, Anselmi, mdogo wa marehemu mumewe. Ameacha miwa yake Ruhembe akaja kusimama mlangoni pake, akasema nyumba aliyojenga kaka yake si ya kuingizia mafundi pancha. Jumapili ukoo wa mumewe unakaa kikao huko Ruhembe. Wakikubaliana, yeye anatoka kwenye nyumba, na watoto wanabaki kwao.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka Jumapili aje Ruhembe, asimame mbele ya shemeji zangu, aseme alidanganya. Basi."

Nikasema nitakuja. Nilisema haraka, nepi mbichi ikiwa bado mkononi. Nikajisikia mtu mzima.

Shangazi akasema, "Haendi."

Akaeleza bila hasira. Neno lililofungua njia halirudishwi mdomoni. Nikilirudisha kabla arobaini ya mtoto haijatimia, mtoto naye atarudi alikotoka. Akasema yeye hana ugomvi na mgeni, ila hawezi kumzika mjukuu kwa ajili ya nyumba ya vyumba viwili.

Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Mama Hildegarda, aliyemsikia nesi kwa masikio yake, aligeuka akatazama mlango wa chumba alicholala mtoto, akajikunja mabega. Alikuwa ameogopa.

Na mimi nikaogopa. Mimi niliyeutunga ule uongo, niliyejua umetoka wapi, nikajikuta nautazama mlango ule ule nikifikiria kuurudisha.

Nikaanza kupatana. Nikamwuliza Filomena kama kikao hakiwezi kusogezwa mpaka arobaini ipite. Akasema si yeye aliyekiitisha. Nikamwuliza kama hawezi kuapa. Akasema ameshaapa, na Anselmi alimjibu kwamba mwanaume hawezi kujisingizia jambo la aibu mbele ya wakwe zake kama si kweli. Nikamwambia basi anyamaze tu kwa sasa, asikatae wala asikubali, watu wana mambo mengi, watasahau.

Aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wako wanawake wengi pale Mikumi. Ulinichagua mimi kwa nini?"

Nikasema lilinitoka tu.

"Ningekuwa na mume, lingekutoka?"

Nikatazama nepi.

Shangazi akaona nimebanwa, akanisaidia kwa namna yake. Akamwambia Filomena kwamba kama ni uongo, mbona uchungu ulikuja siku ile ile? Nikataja mafuta ya mtoto na maneno ya nesi, shangazi akasema nesi hakuwepo jina lilipotajwa. Filomena akasema yeye naye hakuwepo, alikuwa Mikumi anachambua mchele. Wakaanza kupandishiana, mama mkwe anawasihi mtoto asiamke, na mimi katikati nawapoza wote wawili bila kumtetea yeyote.

Pazia likafunguka. Loveth akatoka, amembeba mtoto, anatembea kwa ule mwendo wa mzazi, hatua fupi, kama ardhi ina maji. Alikuwa amesikia kila kitu, chumba chenyewe hakina dari.

Akaja akakaa mkekani karibu na kigoda cha Filomena. Wakatazamana. Nikangoja amwulize lile swali, na nikaandaa kuapa kwa niaba ya wote wawili.

Akamwuliza watoto wake wanaitwa nani.

"Brayan na Lightness," Filomena akajibu. "Nimewaacha kwa jirani. Kwa Anselmi nimeogopa kuwapeleka."

Loveth akaitikia kwa kichwa. Kisha, mbele ya shangazi, akainua mtoto wetu akamweka mapajani kwa Filomena.

Shangazi alishtuka, akanyoosha mkono, akaurudisha. Filomena alimshika yule mtoto kama mtu aliyewahi kushika wengi, akamfunika miguu na ile kanga mpya, na machozi ambayo hakuyatoa tangu aingie yakamdondokea kwenye sabuni.

Nilipaswa kusema nitakwenda. Hapo hapo. Hata kipofu angeona kwamba huo ndio wakati. Badala yake nikafungua mdomo nikaanza kulalamika, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Nikamwambia Loveth ajiweke mahali pangu. Nikienda Ruhembe, shangazi atasema nimemuua mwanangu, na akiugua hata mafua nitaonekana mimi. Nisipokwenda, Dada Filomena ananyang'anywa watoto. Na hao shemeji zake ni wakata miwa, wana mikono mizito, hawatanisikiliza mpaka mwisho. Nikasema sikatai, ila jambo zito kama hili linataka maandalizi. Nipewe muda. Siko tayari.

Loveth hakupandisha sauti.

"Mimi uchungu uliponishika, Beda, hakuna aliyeniuliza kama niko tayari. Niliambiwa sukuma, nikasukuma."

Nikaitundika ile nepi kambani, nikamwuliza Dada Filomena basi la Ruhembe Jumapili linaondoka saa ngapi.